Kazi ya Kuandika Majina: Niliyojifunza Katesh

Watu wakisikia kwamba nilikwenda Katesh, mkoani Manyara, kujitolea baada ya maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, swali lao la kwanza huwa ni kama nilifukua maiti kwenye tope. Sikufukua. Kazi hiyo ilifanywa na majirani tangu alfajiri ile ile, kisha wakaungana nao askari wa jeshi, polisi na zimamoto waliokuja na tingatinga na malori, na sisi tuliotoka Arusha kwa basi tulipofika tulikuta uokoaji umeshika njia yake bila kutungoja. Mimi nilipewa meza ya shule, benchi na rundo la karatasi zilizopigwa mistari kwa rula, nikaambiwa niandikishe watu. Kusema kweli niliona kazi ile ni ndogo kuliko safari niliyoifanya, lakini kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba palipotokea maafa kitu kinachoadimika kuliko unga na mablanketi ni taarifa sahihi: nani yuko wapi, amebaki na nini, na anahitaji nini leo, si juzi.

Kwa wasiokumbuka, ilikuwa Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, katika msimu wa mvua za El Niño uliosumbua Afrika Mashariki nzima. Mvua kubwa ilinyesha juu ya Mlima Hanang, mlima wa volkano ya kale wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na sehemu ya mteremko wake iliyokuwa imenyonya maji ikameguka. Tope, mawe na magogo vilifuata mikondo ya maji vikaangukia mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, kikiwemo Gendabi, wakati watu wengi wako vitandani au ndio kwanza wanaamka. Waliothibitishwa kufariki walifikia 89, na kaya zaidi ya 1,000 ziliguswa kwa namna moja au nyingine. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi nyumbani na kufika Katesh siku chache baadaye, na Serikali ikatangaza kwamba itagharamia mazishi ya waliofariki na matibabu ya majeruhi. Tangazo la namna hiyo, kama linavyopaswa, hufurahiwa na kila mtu; lakini kulitekeleza kunahitaji orodha, na orodha haijiandiki.

Nilidhani kuandika majina ni kuuliza na kuandika. Hesabu ya kwanza iliyotusumbua ilikuwa ya waliopotea. Mtu mmoja aliweza kutajwa mara tatu kama watu watatu: dada yake alimtaja kwa jina la ubatizo na la baba, mwajiri wake sokoni alimtaja kwa jina la utani analojulikana nalo, na mwenye nyumba aliyempangisha alimtaja kama baba wa mtoto fulani. Kinyume chake kilitokea pia. Walikuwapo vijana waliokuja Katesh kwa biashara, wakapanga chumba kimoja wawili au watatu, ambao majirani hawakujua hata kwao ni wapi, na hao hawakutajwa na mtu yeyote hadi ndugu zao wa mikoa ya mbali walipoanza kupiga simu baada ya kuona simu zao hazipatikani. Katesh iko kwenye barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Babati, kwa hiyo ni mji wa wenyeji na wapita njia: wamo Wabarbaig na Wairaqw, wamo Wanyaturu, na wamo wafanyabiashara waliotoka kila upande. Mji wa namna hiyo hauna mtu mmoja anayemjua kila mtu.

Tulichofanya ni kuwafuata wenyeviti wa vitongoji na mabalozi wa nyumba kumi. Ninajua wako wanaowadharau mabalozi na kuwaona kama masalio ya siasa za zamani. Pale kambini nilimwona balozi mmoja, mzee aliyekuwa bado na tope kavu kwenye mikunjo ya suruali, akikaa kwenye benchi letu na kuirudia mitaa yake nyumba kwa nyumba, macho ameyafumba, akihesabu kwa kidole hewani: hapa palikuwa na mama na watoto wanne, mmoja yuko bweni, hapa mpangaji alihama mwezi uliopita, hapa kuna bibi ambaye mjukuu wake amekuja likizo. Kila alipofika penye shaka alinyamaza, akatuma kijana akaulize. Karatasi yake ya asubuhi moja ilikuwa na manufaa kuliko tulizoandika siku nzima sisi wageni. Tangu hapo nilijua nafasi yangu: mzee yule ana taarifa, mimi nina mwandiko unaosomeka na muda wa kukaa, basi na tufanye kazi.

Uandikishaji wa waliopona ulikuwa na mitego yake. Fomu nyingi za misaada huanza na nafasi ya mkuu wa kaya, kana kwamba kaya ni kitu kinachoonekana wazi kama mlango. Mzee mwenye wake wawili wanaoishi nyumba mbili tofauti, kila mmoja na jiko lake, ukimwandika kama kaya moja umempa godoro na ndoo moja, na jioni utamkuta mke wa pili amesimama mbele ya meza yako hana kitu, wala hana wa kumlaumu isipokuwa wewe. Tukaamua kuhesabu majiko. Anayepika chungu chake mwenyewe na kulisha watu wake, huyo ni kaya. Hatukuipata kanuni hiyo kwenye mwongozo wowote. Ilipendekezwa na mama mmoja aliyekuwa akitusaidia kugawa uji, na ilimaliza ugomvi mwingi kwa siku moja.

Wapangaji walikuwa tatizo kubwa zaidi, na bado nalifikiria. Nyumba ikibomoka, mwenye nyumba anaonekana amepoteza nyumba na jina lake linaingia kwenye orodha ya nyumba zilizobomoka. Mpangaji aliyekuwa na cherehani mbili, kitanda, akiba ya mahindi na mtaji wa duka chini ya godoro haonekani popote kwenye orodha hiyo, kwa sababu ukuta haukuwa wake. Tuliongeza safu ya pembeni tukaandika kila alichosema mtu kwamba amepoteza, hata kama hakuna aliyetuahidi kwamba safu hiyo itasomwa. Baadhi ya wenzangu waliona tunawapa watu matumaini ya bure. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa hiyo tukakubaliana kwamba kila anayeandikwa aelezwe waziwazi kuwa kuandikwa si kuahidiwa. Hata hivyo nilikuwa na hakika, na bado ninayo, kwamba hasara isiyoandikwa wiki ya kwanza haitaaminiwa mwezi wa tatu.

Nije kwenye nguo. Watanzania walitoa. Magari yalikuja kutoka mikoa mbalimbali, misikiti na makanisa yalichanga, vikundi vya wanawake vilileta walivyonavyo, na sitaki maneno yangu yaonekane kama kumdhihaki mtu aliyetoa kutoka kwenye umaskini wake. Lakini nilikaa kwenye darasa lililogeuzwa stoo, nikafungua marobota na mifuko ya salfeti, na mambo niliyoyaona yanahitaji kusemwa. Kulikuwa na magauni ya harusi. Kulikuwa na viatu vya visigino virefu, kiatu kimoja kimoja, katika mji ambao barabara zake zilikuwa tope hadi magotini. Kulikuwa na nguo zilizofungwa zikiwa mbichi, zikatoa ukungu na harufu iliyotufukuza darasani. Wakati huo huo Katesh iko chini ya mlima, usiku wake una baridi na upepo, na vitu ambavyo akina mama walikuwa wakiviulizia kila siku ni sweta za watoto, mabuti ya mpira, nguo za ndani mpya, taulo za kike, sufuria, kuni na chumvi. Watu kadhaa tulishinda tukichambua nguo ambazo nyingine zilistahili kuchomwa, ilhali kwenye mlango wa pili foleni ya kuandikishwa ilikuwa haina mwandishi. Gari la nguo lina gharama ya mafuta, dereva na wapakuzi, na juu yake gharama ya kuchambua, na gharama hiyo ya mwisho hulipwa na wale wale mliokuja kuwasaidia, kwa kuwa wanaochambua wangeweza kuwa wanafanya kitu kingine.

Mwenye haraka ya kusaidia na atume fedha kwa njia iliyotangazwa rasmi. Najua jibu la wengi: fedha zinaliwa. Zinaweza kuliwa, na ndiyo sababu ya kudai hesabu zitangazwe. Lakini godoro nalo huliwa, tena kwa urahisi, na halina risiti. Zaidi ya hapo fedha hurudisha uhai wa soko la mahali penyewe. Katesh ina maduka, na si yote yaliyosombwa. Muuza sufuria aliyenusurika naye ni mwathirika, kwa sababu wateja wake wamesombwa na mali zao, na hapo hapo sufuria zinagawiwa bure barabarani mbele ya duka lake.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa ni idadi ya watu waliokuja mezani kwetu wakiwa hawaulizi chakula. Waliuliza kuhusu karatasi. Kitambulisho cha taifa kimesombwa, kadi ya kliniki ya mtoto imesombwa, cheti cha kidato cha nne, hati ya kiwanja, kitabu cha benki. Simu imezama, na ndani ya simu ile ilikuwamo laini, na ndani ya laini ile ilikuwamo akiba yote ya familia. Kurudisha laini kunahitaji namba ya NIDA na alama za vidole, na wengi hawakuwa wameikariri namba ile, kwa nini waikariri wakati kadi ilikuwa kwenye sanduku? Kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa mahiri wa mambo ya simu alikaa na watu hao kuanzia asubuhi hadi jua linapozama, akiwaelekeza wapi pa kwenda, akiwaandikia kwenye kipande cha karatasi mambo ya kuuliza. Hakubeba gunia hata moja, wala hakuna aliyempiga picha. Ukiniuliza mimi, ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko sisi sote.

Bibi mmoja Mbarbaig nitamkumbuka sana. Aliletwa na mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na kitu, na mazungumzo yote yalipitia kwa mtoto yule kwa kuwa bibi alikuwa na Kiswahili cha salamu tu. Nilimwamkia, akaitikia, nikaanza maswali ya fomu. Blanketi alikuwa amepewa mawili. Chakula alikula. Nikauliza kama kuna kitu kingine, nikitegemea jibu la hapana. Bibi alifungua fundo la kaniki yake akatoa kibahasha cha karatasi kilichochakaa, cha aina ile inayowekewa vidonge hospitali za kwetu, ndani yake mkiwa hamna kitu. Maandishi ya kalamu yalikuwa yamefutika nusu: mara moja kwa siku. Mjukuu alieleza kwamba ni dawa za presha na kwamba bibi hakunywa tangu siku ya tope, ila hakutaka kumsumbua daktari kwa sababu aliona daktari ana watu waliovunjika miguu. Tulimpeleka kwenye hema la afya na akapewa dawa siku hiyo hiyo. Kesho yake tuliongeza swali kwenye fomu: kuna mtu anayetumia dawa za kila siku? Majibu yalikuwa mengi kuliko tulivyotarajia, ya presha, ya sukari, ya kifafa, na mengine ambayo mtu hawezi kuyasema kwa sauti mbele ya foleni. Kwa hao tulilazimika kuhamisha meza mbali na benchi la kungojea, kisha kutenga fomu zile na kuzifungia, maana jina la mtu na dawa anayotumia si habari ya kila mpita njia. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Pale kambini hapakuwa na aliyeitaja, lakini hata bila sheria aibu ya kawaida ingetosha kutufundisha.

Kuhusu uvumi nitasema kwa ufupi. Siku za mwanzo ilienea habari kwamba mlima umelipuka na kwamba utalipuka tena. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba haikuwa volkano bali ni mwamba dhaifu ulionyonya maji ukaporomoka, na maelezo hayo yalikuwa sahihi. Ila maelezo yanayosomwa kwenye redio hayamfikii mtu aliyepoteza redio. Yalianza kuaminiwa pale wazee na viongozi wa dini walipoyarudia kwa mdomo wao, kwa lugha zao, wakiwa wamesimama mahali ambapo watu wanawaona.

Na picha. Kila msafara ulikuja na bango na mpiga picha, na watoto wakazoea haraka sana: wakisikia gari wanajipanga wenyewe. Mama mmoja alipewa ndoo ile ile mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Sina ugomvi na picha za kuthibitisha kwamba mchango umefika. Anayechangisha fedha za watu anawajibika kuonyesha. Ninachokikataa ni sura ya mtu aliyefiwa juzi kutumiwa kama tangazo bila yeye kuulizwa. Nilimsikia baba mmoja akimwambia mpiga picha, kwa upole tu, “Mwanangu, ngoja kwanza ninawe uso.” Kijana alingoja. Haikuwa vigumu.

Baada ya wiki chache misafara ilipungua. Kambi nyingine zilikuwa kwenye majengo ya shule, na shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo kila mtu alijua madarasa yatahitajika. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wafanyakazi wa kujitolea kama mimi, wenye ajira na likizo zinazokwisha, hatuwezi kuifanya: nani anakwenda kwa ndugu, nani anapanga, nani hana ndugu wala kodi. Ustawi wa jamii, Msalaba Mwekundu na watendaji wa vijiji ndio waliobaki na mzigo huo. Tulichoweza kuwaachia ni fomu zilizopangwa kwa kitongoji, kila moja na namba, pamoja na nakala. Tuliandika kwa penseli siku za mvua, kwa kuwa wino ulikuwa unayeyuka, na usiku tunapiga picha kila ukurasa kwa simu. Wenzetu wa ofisi ya kijiji walitushukuru kwa hilo kuliko kwa kitu chochote tulichokuja nacho kwenye buti la basi.

Nyumba za kudumu zilijengwa Waret, huko huko wilayani Hanang, nyumba 109, na zikakabidhiwa kwa waathirika mwisho wa mwaka 2024. Mwaka mzima ulipita kati ya tope na funguo. Kwa ujenzi wa kiwango kile mwaka mmoja si muda mrefu, na waliojenga wanastahili sifa. Lakini mwaka mmoja ni mrefu mno kwa anayelala kwa shemeji yake na watoto watatu, na sijaona misafara mingi ikienda huko mwezi wa Juni. Ningekuwa na uwezo wa kuwapangia watu wenye moyo wa kutoa, ningewaomba nusu yao wasije Desemba. Wakae na fedha yao, waje Aprili, waulize ada, mbegu na kodi.

Nilipata nafasi ya kulijaribu wazo hilo mapema kuliko nilivyofikiri. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti, na kikundi chetu kikaanza tena kukusanya nguo. Nikaomba tusitishe kwanza, tuwapigie simu watu wa huko. Mwenyekiti wa kijiji tuliyempata alitusikiliza kwa subira, akashukuru kwa pole zetu, kisha akasema vyandarua vinahitajika, na zaidi ya vyandarua anataka mbegu za mahindi ya muda mfupi. Wengi wetu hatukuelewa: mashamba si yamezama? Akatueleza kilimo cha mlau, ambacho watu wa Rufiji wamekifanya tangu enzi za mababu: maji yakirudi mtoni huacha udongo mpya wenye rutuba na unyevu, na anayepanda mapema huvuna bila kungoja mvua. Mbegu zao za kawaida zilikuwa zimesombwa pamoja na maghala. Zikichelewa, unyevu unakwisha.

Tulibishana jioni nzima. Mwishoni tuliwapelekea fedha za mbegu, zikanunuliwa huko huko na orodha ya waliogawiwa ikatumwa kwetu, majina, kitongoji na kilo, yote kwa mwandiko wa mtu mmoja. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba kilo za mbegu hazina picha ya kuvutia ya kuwaonyesha wachangiaji. Tukamwambia awapigie picha ya risiti.